Jua, Kofia na Maneno ya Watu

Mtu akiingia ofisini bila kuvua kofia, wengi wetu humwona hana adabu. Desturi hiyo hatuilaumu. Lakini wako jirani zetu ambao kofia kwao ni kama dawa, nao ni wale waliozaliwa na ualbino, ambao tangu zamani huitwa zeruzeru. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kenya ilikuwa nao 9,729.

Yafaa kwanza tujue hali hiyo ni kitu gani. Katika ngozi mna rangi iitwayo melanini, ambayo kazi yake ni kuukinga mwili na ukali wa jua. Mwenye ualbino ameikosa rangi hiyo, au anayo kidogo mno. Hali hii hurithiwa kwa baba na mama, hata kama ngozi zao wenyewe ni nyeusi. Na wote wawili wakiwa na asili hiyo, kila mimba huwa na uwezekano wa robo moja wa kuzaa mtoto wa namna hiyo. Basi si laana, wala si ushahidi kwamba mama alitoka nje ya ndoa, wala haiambukizi kwa kushikana mikono au kula sahani moja.

Hatari iko juani. Ngozi isiyo na kinga huungua, hufanya vidonda, na mwisho yaweza kupata saratani. Macho nayo huumizwa na mwanga, wala hayaoni mbali vizuri.

Kinga yake yajulikana: kofia pana, nguo za mikono mirefu, miwani ya jua, na mafuta ya kuzuia jua ya kipimo cha 30 au zaidi, yapakwe tena kila baada ya saa mbili. Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu lina mpango wa kugawa mafuta hayo bure. Kazi ya shamba na ifanywe mapema asubuhi au jioni, kwa maana jua ni kali tangu saa nne hadi saa kumi.

Lakini mafuta na kofia vitafaa nini, ikiwa mwenyewe aona haya kuvitumia? Mtoto akichekwa njiani, kesho ataiacha kofia nyumbani. Kijana akiambiwa sokoni kwamba anaringa, atakunja mikono ya shati ili afanane na wenzake. Hivyo dhihaka ya mchana mmoja yaweza kuzaa kidonda cha miaka mingi. Wazee walisema, hujafa hujaumbika.

Tena tusidhani kwamba watu hawa hawawezi kazi. Bibi Mumbi Ngugi alifanywa Jaji wa Mahakama Kuu mwaka 2011, na Bwana Isaac Mwaura aliingia Bungeni mwaka 2013, wa kwanza mwenye ualbino katika Bunge la Kenya.

Kwa hiyo, mwalimu, mwache mtoto huyo avae kofia yake gwaride la asubuhi, kisha umketishe mbele, karibu na ubao. Karani, usimwamuru mtu kusimama foleni juani. Mpe nafasi kivulini. Nawe mkulima, mwenzako akija shambani alfajiri na kuondoka mapema, usimwite mvivu.