Wingi wa Makarani Si Wepesi wa Kazi

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi askari wa jeshi na wa polisi mnaolinda mwambao wa Ziwa Tanganyika.

Mwishoni mwa mwezi wa Januari 2018, mapigano katika eneo la Fizi, Kivu ya Kusini, yaliwalazimu maelfu ya raia wa Kongo kuvuka ziwa kwa mitumbwi na kutua katika pwani ya Burundi, upande wa Rumonge na Nyanza-Lac. Watu wa namna hiyo hawafiki kwa ratiba. Mtumbwi mmoja unapotua, mwingine u njiani. Na kila anayeshuka ni lazima apokewe, aandikwe, akaguliwe na kupelekwa mahali pa usalama. Mama akiandikwa kwa namba isiyo yake, huenda akapelekwa kambi moja na mwanawe kambi nyingine.

Je, watendaji wachache wanawezaje kuzimaliza kazi nyingi zinazofika kwa pamoja? Swali hilo ndilo linalowakabili kila siku watayarishaji wa programu za kompyuta. Na kwa kuwa siku hizi kompyuta ndizo zinazoandikisha wakimbizi, kukagua pasi mipakani na kupokea simu za dharura, si haki askari azitumie bila kujua jinsi zinavyogawa kazi ndani yake. Tutalieleza jambo hili kwa mfano wa meza ya uandikishaji ufukweni. Mfano huo ni wa kubuni, lakini hesabu yake ni ya kweli.

Ziko njia tatu za kupanga kazi hiyo. Ya kwanza ni kuweka karani mmoja: utaratibu utakuwapo, lakini foleni itafika majini. Ya pili ni kumwitia kila anayeshuka karani wake mpya. Njia hii hupendeza macho, lakini kila karani anataka kiti, kalamu na maelezo, na makarani 300 katika ufuko mmoja watakanyagana. Kompyuta nayo ni vivyo hivyo. Kila mtendaji anayeanzishwa ndani yake hula sehemu ya kumbukumbu. Na wakiwa wengi kupita kiasi, mashine hupoteza muda wake kwa kumwacha huyu na kumrudia yule, badala ya kutenda kazi.

Njia ya tatu ndiyo inayotumiwa zaidi: kuwa na kikosi cha watendaji wenye idadi maalumu, walioandaliwa tangu mwanzo, na foleni moja mbele yao. Anayemaliza kazi moja huchukua inayofuata. Hakuna anayeachishwa, na hakuna anayeajiriwa upya kila baada ya kazi moja.

Lakini kikosi hicho kiwe na watu wangapi? Tuseme kila mgeni anahitaji dakika 6: dakika 1 ya kuandikwa katika daftari, na dakika 5 za kungojea jibu la simu kutoka Bujumbura. Karani mmoja atahudumia watu 10 kwa saa. Kwa hesabu ya haraka, makarani 10 watahudumia watu 100. Mkuu wa kituo aliyeridhika na hesabu hiyo atashangaa kabla ya mapambazuko.

Sababu ni kwamba daftari ni moja. Makarani wawili wakilifungua kwa pamoja, wote wataona kwamba namba ya mwisho ni 412, na kila mmoja atamwandika mtu wake namba 413. Hapo watu wawili wamekuwa mtu mmoja, na hakuna aliyefanya uzembe. Ubaya wa kosa la aina hii ni kwamba halitokei kila mara. Mchana wa majaribio mambo huenda sawa, na usiku wa msukosuko ndipo linapojitokeza. Kwa hiyo kompyuta hutumia kufuli: anayeshika daftari hulifunga, na wengine hungoja mpaka aliachie.

Kufuli huleta usalama, lakini lina gharama yake. Ikiwa kila mtu huchukua dakika 1 katika daftari, basi daftari haliwezi kupitisha zaidi ya watu 60 kwa saa. Makarani 6 wanatosha kuifikia idadi hiyo; wanne waliobaki wanapanga foleni nyingine, ya kungojea daftari. Wageni wakifika 90 kwa saa, foleni itaongezeka kwa watu 30 kila saa, na baada ya saa 8 watu 240 watakuwa bado wamesimama kwenye baridi. Kuongeza makarani hakutawasaidia hata kidogo. Kanuni hii ilielezwa na mhandisi wa Marekani Gene Amdahl mwaka 1967: sehemu ya kazi isiyogawanyika ndiyo inayoweka mpaka wa mwendo wa kazi yote.

Dawa yake ni kupunguza kinachogombaniwa. Kila karani apewe kijitabu chake na namba zake: wa kwanza 1 hadi 100, wa pili 101 hadi 200, na kuendelea, vijitabu vikusanywe baadaye. Sasa makarani 10 watahudumia watu 100 kweli.

Hatari nyingine ni kukwama. Karani mmoja ameshika daftari anangoja muhuri. Mwenzake ameshika muhuri anangoja daftari. Wote wawili ni watiifu, na wote wawili watangoja milele. Mtaalamu wa Uholanzi Edsger Dijkstra aliichambua hatari hiyo mwaka 1965. Kinga mojawapo ni amri nyepesi: kila mtu ashike daftari kwanza, kisha muhuri, wala asigeuze.

Askari wanajua vyeo, na kazi za kompyuta nazo zina vyeo. Tarehe 4 Julai 1997 chombo cha Marekani kiitwacho Pathfinder kilitua katika sayari ya Mars. Baada ya siku chache kompyuta yake ikawa inajizima na kujiwasha yenyewe. Kazi ya cheo cha chini, iliyokusanya habari za hali ya hewa, ilikuwa imeshika kufuli lililohitajiwa na kazi ya cheo cha juu. Kabla haijaliachia, kazi za cheo cha kati ziliipita na kuizuia isimalize. Hivyo mkubwa akazuiwa na mdogo asiyeweza kusogea. Wahandisi waliirekebisha kutoka duniani kwa kumruhusu mdogo aazime cheo cha mkubwa anayemngoja, mpaka aachie kufuli. Hilo si kuvunja nidhamu. Ni kumfungulia njia mkubwa.

Mwisho, kikosi ni lazima kijue la kufanya mambo yanapoharibika. Simu ya Bujumbura ikikatika, karani asiganda nayo usiku kucha. Awe na muda maalumu, kisha airudishe kazi katika foleni. Na kazi inaporudiwa, mtu yule yule asiandikwe mara mbili. Foleni nayo iwe na kikomo. Ikijaa, habari ipelekwe mapema kwa boti za doria, ili mitumbwi mingine ielekezwe kwenye ufuko mwingine. Foleni isiyo na kikomo haimsaidii mtu. Humficha tu mkuu wa kituo ukweli wa mambo.

Ndugu wasikilizaji, watakapokuja mafundi kuwawekea mashine mpya katika vituo vyenu, msiridhike kuambiwa kwamba ina nguvu na watendaji wengi. Waulizeni: watendaji hao wanagombania kitu gani? Nani hungoja nani? Foleni ikijaa, nani huambiwa? Na mtendaji mmoja akianguka kazini, kazi yake huokotwa na nani? Fundi asiyeweza kuyajibu maswali hayo hajamaliza kazi yake, na mashine yake isikabidhiwe majina ya watu.