Mwili Nyuma ya Kamera: Maji, Chakula na Usingizi katika Kazi ya Filamu

Mtu aketiye mbele ya pazia la sinema huona kazi iliyokwisha kupunguzwa na kupambwa. Safari ya siku kumi huonyeshwa kwa dakika moja, na mchana hugeuzwa kuwa usiku kwa ufundi wa kamera. Asichokiona ni kundi kubwa la watu waliofanya kazi hiyo: waigizaji, wapiga picha, mafundi wa taa na sauti, washonaji wa maleba, wapishi, madereva na wabeba vyombo. Watu hawa huanza kazi kabla ya jua kuchomoza, husimama juani au chini ya taa kali, hurudia tendo moja mara nyingi, na pengine hurejea makwao usiku wa manane.

Katika makala haya tutaeleza mahitaji matatu ya mwili ambayo kazi hii huyatia katika majaribu, yaani maji, chakula na usingizi. Msomaji ataona kuwa filamu yaweza kuyadanganya macho ya mtazamaji, lakini haiwezi kuudanganya mwili wa yule anayeitengeneza.

Joto na jasho

Mwili wa binadamu hufanya kazi vizuri ukiwa na joto la nyuzi 37 hivi za Sentigredi. Misuli inapofanya kazi, sehemu kubwa ya nishati itokanayo na chakula hugeuka kuwa joto, nalo joto hilo halina budi kutolewa nje. Mahali penye joto kali, njia kuu ya kulitoa ni jasho. Kila lita moja ya jasho inayogeuka mvuke juu ya ngozi huchukua takriban kilojuli 2,400 za joto. Jasho linalodondoka chini kabla ya kugeuka mvuke halina faida hiyo. Ndiyo sababu mtu huteseka zaidi katika hewa yenye unyevu mwingi kuliko katika hewa kavu yenye joto lile lile.

Filamu ya The Wizard of Oz, iliyopigwa nchini Marekani katika miaka ya 1938 na 1939, ni mfano mzuri. Ufundi wa picha za rangi wa wakati ule ulihitaji mwanga mkali sana, na taa za siku zile ziligeuza sehemu kubwa ya umeme kuwa joto badala ya mwanga. Katika joto hilo, mwigizaji Bert Lahr alivaa maleba mazito yaliyotengenezwa kwa ngozi halisi ya simba. Vazi la namna hiyo huziba njia ya mvuke: jasho hutoka kwa wingi, lakini halipati nafasi ya kuupoza mwili. Taa za LED zitumiwazo siku hizi hutoa joto dogo zaidi, lakini jua la saa nane mchana halijabadilika.

Mtu akipoteza maji yanayofikia asilimia 2 ya uzito wake, uwezo wake wa kufanya kazi ngumu juani huanza kupungua. Kwa mtu mwenye uzito wa kilo 60, kiasi hicho ni kilo 1.2 tu, yaani lita moja na kidogo. Damu hupungua ujazo, moyo hulazimika kupiga haraka zaidi, na joto la mwili hupanda. Kiu nayo huchelewa. Mara nyingi mtu husikia kiu wakati upungufu umekwisha kuanza, hasa akiwa ameshughulika. Kwa hiyo mfanyakazi wa juani hapaswi kungoja kiu. Yafaa anywe kidogo kidogo, mara kwa mara.

Funzo la mto Ruiki

Maji hayatoshi kuwa mengi. Lazima yawe salama. Mwaka 1951 mwongozaji John Huston alileta kundi la watu kutoka Ulaya na Marekani kupiga filamu ya The African Queen. Walifanya kazi kando ya mto Ruiki, karibu na mji wa Ponthierville, Kongo, ambao sasa huitwa Ubundu, kisha wakahamia Uganda. Watu wengi wa kundi hilo waliugua kuhara damu. Katharine Hepburn, mwigizaji mkuu wa kike, alikuwa mnywaji hodari wa maji, naye aliugua vibaya. Inasimuliwa kwamba wakati wa kupiga picha za tukio la kanisani aliwekewa ndoo karibu, kwa kuwa alikuwa akitapika kila mara. Huston na mwigizaji mkuu wa kiume, Humphrey Bogart, hawakuugua. Ikawa ni utani wao kwamba waliokolewa na wiski.

Utani huo umerudiwa mara nyingi, na baadhi ya watu huuchukua kuwa ni elimu. Tuupime kisayansi. Kuhara damu huletwa na bakteria au amiba wanaoingia mwilini kwa maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Mtu asiyeyanywa maji hayo, na ambaye hula chakula cha makopo kama ilivyosemwa kuhusu Bogart, amewafungia njia vijidudu hao. Kilichowakinga watu wale wawili, basi, yaelekea ni kile walichokiepuka, wala si kile walichokinywa. Tena kileo huizuia homoni inayoyaamuru mafigo kuhifadhi maji, hivyo humfanya mnywaji kukojoa zaidi. Kwa mtu atokaye jasho juani, hiyo ni hasara juu ya hasara.

Kinga ya kweli ni rahisi. Maji yakichemka kwa nguvu kwa dakika 1, vijidudu viletavyo magonjwa haya hufa. Katika nyanda zilizo juu ya mita 2,000, ambako maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100, yafaa yachemke kwa dakika 3. Na mtu akishaharisha, lililo la haraka ni kurudisha maji na chumvi alizopoteza. Mahali ambapo hakuna pakiti za hospitali, mchanganyiko wa lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vidogo vya sukari vilivyosawazishwa na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi huokoa maisha. Hata hivyo, kuhara kwenye damu au homa kunahitaji tiba ya hospitali.

Chakula na uzito wa kuigiza

Jaribu la pili ni chakula. Mara nyingine mwigizaji hutakiwa kubadili umbo la mwili wake ili alingane na mtu anayemwigiza. Katika filamu ya Raging Bull ya mwaka 1980, Robert De Niro aliigiza maisha ya mwanamasumbwi tangu ujana hadi unene wa uzee. Upigaji wa filamu ulisimamishwa kwa muda ili apate kunenepa, naye aliongeza kilo 27 hivi. Katika filamu ya The Machinist ya mwaka 2004, Christian Bale alifanya kinyume chake: alipunguza kilo 28 hivi.

Tufanye hesabu. Kilo 1 ya mafuta ya mwilini ina nishati ya takriban kilokalori 7,700. Kilo 27, kama zingekuwa mafuta matupu, zingehitaji kilokalori 207,900. Tukizigawa kwa siku 120, kama mfano, mtu angelazimika kula kila siku ziada ya kilokalori 1,700 na zaidi juu ya mahitaji yake ya kawaida. Ziada hiyo pekee yakaribia chakula cha siku nzima cha mtu mzima mwenye kazi nyepesi. Si ajabu kwamba De Niro alianza kupumua kwa shida: mapafu na moyo vilikuwa vile vile, lakini mzigo ulikuwa umeongezeka.

Kukonda kwa haraka kuna hatari nyingine. Mwili huweka akiba ya wanga katika ini na misuli kwa umbo liitwalo glaikojeni, na kila gramu ya glaikojeni huhifadhiwa pamoja na gramu 3 hivi za maji. Siku za kwanza za njaa akiba hii hutumika na maji yake hutoka; kwa hiyo uzito hushuka upesi, na mtu hudhani amepoteza mafuta. Baadaye mwili huchoma mafuta, lakini pia huvunja protini za misuli, na moyo wenyewe ni msuli.

Haya hayasemwi kwa kubahatisha. Katika miaka ya 1944 na 1945, Dakta Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwachunguza wanaume 36 waliojitolea kula, kwa majuma 24, karibu nusu ya chakula walichokizoea. Walipoteza takriban robo ya uzito wao. Mapigo ya mioyo yao yalipungua kasi, walisikia baridi hata wakati wa joto, nguvu ziliwaisha, na wengi waliingiwa na huzuni. Fikra zao zilitawaliwa na chakula mchana na usiku. Walipoanza kulishwa tena, afya haikurejea mara moja.

Hapa pana onyo kwa vijana wa shule. Mwaka 2019 mwigizaji Henry Cavill wa Uingereza alieleza hadharani kwamba, kabla ya kupigwa picha akiwa kifua wazi kwa ajili ya mchezo wa televisheni wa The Witcher, alijinyima maji kwa siku kadhaa ili misuli yake ijitokeze. Kumbe kifua ambacho mwanafunzi hukitamani si picha ya afya bali ni picha ya mtu mwenye kiu, aliyeangazwa na taa zilizopangwa na fundi. Kijana anayejinyima maji ili afanane na picha hiyo hupunguza nguvu zake mwenyewe na kuyatesa mafigo yake.

Deni la usingizi

Jaribu la tatu ndilo lililo kubwa kuliko yote, kwa sababu linawahusu wafanyakazi wote wa filamu, hata wale wasiopigwa picha. Mtu akiwa macho, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya katika ubongo, na kadiri inavyozidi ndivyo hamu ya kulala inavyozidi. Kahawa huizuia adenosini isifanye kazi yake kwa saa chache, lakini haiiondoi; ni kama mtu anayeifunika saa ya ukutani kwa kitambaa. Deni la usingizi hulipwa kwa usingizi peke yake.

Mwaka 1997 watafiti Dawson na Reid wa Australia walitoa matokeo ya jaribio muhimu. Waliwapima watu uwezo wa kuoanisha macho na mikono, mara moja wakiwa wamekeshwa na mara nyingine wakiwa wamepewa kileo. Baada ya saa 17 za kuwa macho, uwezo wao ulishuka kiasi cha mtu mwenye asilimia 0.05 ya kileo katika damu. Baada ya saa 24, ulikuwa kama wa mtu mwenye asilimia 0.10. Mtu mwenye usingizi mzito aweza kusinzia kwa sekunde chache bila kujua. Gari liendalo kilometa 80 kwa saa husafiri mita 22 katika sekunde 1.

Mwaka huo huo wa 1997, katika jimbo la California, msaidizi mmoja wa mpiga picha wa filamu ya Pleasantville alikuwa akiendesha gari kurudi nyumbani baada ya kufanya kazi kwa saa 19. Alisinzia, gari likaacha njia, akafa. Maelfu ya wenzake walitia sahihi waraka wa kudai kwamba siku ya kazi isizidi saa 14. Mpiga picha mashuhuri Haskell Wexler alitengeneza filamu ya kumbukumbu juu ya jambo hilo, iitwayo Who Needs Sleep?, iliyotoka mwaka 2006. Mwaka 2021 wafanyakazi wa nyuma ya kamera nchini Marekani walipiga kura kwa wingi mkubwa kuidhinisha mgomo, wakidai, pamoja na mambo mengine, nafasi ya kula na kupumzika. Mgomo uliepukwa kwa makubaliano, ambayo yaliweka mapumziko ya saa 10 kati ya siku moja ya kazi na nyingine.

Msomaji na azingatie hesabu ya saa hizo 10. Toa saa 2 za safari ya kwenda na kurudi, na saa 1 ya kula na kuoga. Zinabaki saa 7, ambazo ndizo kiwango cha chini cha usingizi ambacho wataalamu humshauri mtu mzima.

Huduma iwezekanayo

Kundi dogo la watengenezaji wa filamu katika Afrika Mashariki laweza kudhani kuwa mambo haya ni ya matajiri. Sivyo. Pipa la maji yaliyochemshwa lenye kifuniko na bomba, kivuli cha turubai, na dakika 10 za kupumzika kila baada ya muda havihitaji fedha nyingi. Mlo wa ugali au wali kwa maharage, dagaa, mchicha na chungwa una wanga, protini, madini na vitamini zinazohitajika, mradi uliwe kwa wakati. Mikataba ya wafanyakazi wa Marekani hutaka mlo usicheleweshwe zaidi ya muda wa saa 6 za kazi, na huo ni mpaka unaofaa popote. Zaidi ya yote, dereva wa kundi asiwe mtu aliyekesha, na kazi ya usiku isifuatwe na kazi ya alfajiri.

Zoezi kwa wanafunzi

Wanafunzi waweza kulithibitisha jambo la jasho wao wenyewe. Kabla ya mazoezi ya mpira wa saa 1, kila mchezaji apimwe uzito akiwa na nguo nyepesi. Kila mmoja apewe chupa yake, na maji atakayokunywa yapimwe. Baada ya mazoezi ajifute jasho na kupimwa tena akiwa na nguo kavu za uzito ule ule. Uzito uliopungua, ukijumlishwa na uzito wa maji aliyokunywa, ndio takriban kiasi cha jasho alilotoa, ikiwa hakukojoa. Mwalimu aandike majibu ubaoni, na darasa litafute ni nani aliyefikia asilimia 2 ya uzito wake. Mizani haijui nani ni mwigizaji na nani ni mbeba taa. Sheria za mwili ni zile zile kwa wote.