Je, 2³¹ − 1 ni Namba Tasa?

Kosa la kawaida: kudhani kwamba kipeo p kikiwa tasa, basi 2ᵖ − 1 nayo ni tasa. Angalia: 11 ni tasa, lakini 2¹¹ − 1 = 2,047 = 23 × 89. Lazima ujaribu.

Chukua N = 2³¹ − 1 = 2,147,483,647. Kama N = a × b, kigawo kimoja hakizidi √N, kwani vyote viwili vikizidi √N, zao lake litapita N. Hapa √N ≈ 46,340.95, jaribu namba tasa zisizozidi 46,340 tu. Leonhard Euler alipunguza kazi zaidi: kila kigawo tasa cha N, ukikigawanya kwa 62, baki ni 1. Mwaka 1772 alionyesha kuwa N ni tasa.

Zoezi: Thibitisha kuwa 2⁷ − 1 = 127 ni tasa. (Dokezo: √127 ≈ 11.3; jaribu 2, 3, 5, 7 na 11.)