Suam, Nchi Iliyo Mpakani
Wasomaji wengi wamekwisha kusikia habari za Kitale, lakini ni wachache waijuao Suam, nchi ndogo iliyo mbele ya Endebess, kaskazini ya Mlima Elgon. Mto wake watoka katika shimo kuu la volkeno mlimani, hushika sehemu ya mpaka wa Kenya na Uganda, kisha huitwa Turkwel na kuingia Ziwa Turkana. Wasabaot wa huku na Wasebei wa ng'ambo ni ndugu, hata lugha zao husikilizana. Waingereza walipoupitisha mpaka hawakuwauliza. Tangu 2014 Mkenya na Mganda huvuka kwa kitambulisho tu. Lakini mgeni asiishie darajani: upande wa Kenya liko pango la Kitum, ambamo ndovu wamechimba chumvi gizani kwa pembe zao vizazi vingi.