Lugha ya Kutoa Sehemu za Kialjebra

Katika istilahi za hisabati za Kiswahili, namba ya juu ya sehemu huitwa kiasi, na ya chini huitwa asili. Uteuzi huu ni wa kusifiwa: asili hutaja aina ya vipande, kiasi hutaja idadi yake. Kwa hiyo sehemu zenye asili tofauti sharti zipewe kwanza asili moja, ndipo moja itolewe katika nyingine.

Tuchukue mfano huu, ambapo x si 2 wala −1:

3/(x − 2) − 2/(x + 1)

Kigawe kidogo cha shirika cha asili hizo ni (x − 2)(x + 1). Sehemu ya kwanza huzidishwa juu na chini kwa (x + 1), ya pili kwa (x − 2). Kiasi kipya ni 3(x + 1) − 2(x − 2).

Hapa ndipo wanafunzi hukosea, na kosa lenyewe ni la lugha kuliko la hesabu. Mwalimu asomapo “tatu eksi jumlisha tatu, toa mbili eksi toa nne,” mabano hayasikiki. Mwanafunzi huandika 3x + 3 − 2x − 4, akapata x − 1. Lakini kitenzi “toa” kinatawala kirai kizima. Akisema “toa tofauti ya mbili eksi na nne,” nomino hiyo hufanya kazi ya mabano: 3x + 3 − 2x + 4, yaani x + 7. Jibu ni:

(x + 7)/[(x − 2)(x + 1)]

Iwapo x ni 3, swali na jibu hili vyote hutoa 2½. Jibu la kosa hutoa ½.