TAKA ZA MAJANI: MALI AU BALAA?

Hebu, ndugu msomaji, zunguka nyuma ya jiko la shule. Utaona nini? Mabua ya sukumawiki, maganda ya viazi, majani ya kabeji na nyasi zilizofyekwa Jumamosi. Wengi wetu tunaziita uchafu tu. Kumbe ni kuni zisizo na moshi!

Siri yenyewe ni hii. Taka hizo zikikatwakatwa, zikachanganywa na maji na kinyesi cha ng'ombe, kisha zikafungiwa ndani ya tangi lisiloingiza hewa, bakteria huzila na kutoa gesi. Sehemu kubwa ya gesi hiyo ni methani, nayo huwaka bila masizi. Huko Naivasha, mnamo 2015, mtambo wa Gorge Farm ulianza kuzalisha umeme wa zaidi ya megawati 2 kutokana na mabaki ya mboga. Si mchezo!

Je, mazingira yanafaidi nini? Kwanza, miti hupona shoka. Pili, wapishi wetu hupona macho na mapafu. Tatu, taka zikiozea kwenye rundo, methani huponyoka bure. Nayo, katika miaka 100, huipasha dunia joto takriban mara 28 kuliko kaboni dioksidi ya uzito uo huo. Ikichomwa jikoni, hugeuka kaboni dioksidi ileile ambayo mimea iliivuta hewani ilipokuwa ikikua. Nne, uji unaobaki tangini ni mbolea, kwani naitrojeni na fosforasi zimo bado.

Hata hivyo, hakuna masika yasiyo na mbu. Bomba likivuja, methani hutoroka na faida huyeyuka. Uji ule ukimwagwa mtoni, oksijeni hupungua majini na samaki hufa. Aidha, mkulima akizoa kila bua asirudishe kitu, udongo hudhoofika. Na lori likitumwa mbali kuleta nyasi, dizeli hula faida yote. Basi kanuni ni tatu: taka za karibu, tangi lisilovuja, na uji urudi shambani.

Wenzangu, siku ya kufyeka ikifika tusikimbilie kiberiti. Ng'ombe wa shule wapo, taka zipo, shamba lipo. Kilichobaki ni tangi. Walimu wetu wapendwa, mwasemaje?