Unauza amplifaya za gari? Soma fyuzi kabla ya kusoma boksi

Mteja akiingia inboksi akakuandikia "boss nataka ya wati 3000, bei gani?" usikimbilie kumtajia bei. Najua mkono unawasha, maana ukikaa kimya dakika tano tu ameshahamia ukurasa wa jirani. Lakini kwenye biashara hii mauzo ya haraka haraka ndo yanayorudi: boksi limechanika, ndani harufu ya kuungua, na mtu anadai hela yake yote mpaka nauli ya boda. Amplifaya moja ikirudi hivyo inameza faida ya kadhaa ulizouza vizuri. Anayeuza viatu, mteja akipata namba isiyomtosha anambadilishia na maisha yanaendelea. Sisi huku, kilichoungua kimeungua.

Mimi nauza vitu vya muziki wa gari, wateja wangu wengi ni wa mtandaoni. Nawaandikia hasa nyie mnaochukua mzigo Kariakoo, mnapiga picha, mnaweka statasi, na hamjawahi kushika tesa ya umeme. Huna haja ya kuwa fundi. Unatakiwa kujua kusoma kilichoandikwa kwenye mzigo wenyewe, na kumuuliza mteja maswali kabla hajalipa.

Tuanze na ile namba kubwa ya kwenye boksi. 3000W, 4800W, mpaka utaona 8000W kwenye kidude unachobeba kwa mkono mmoja. Hiyo namba mara nyingi imeandikiwa neno MAX au PEAK, yaani kilele cha kufumba na kufumbua, na wengine wanajiandikia tu. Namba ya kuuzia ni RMS, nguvu ambayo amplifaya inaitoa mfululizo wimbo mzima. Itafute kwenye kijitabu cha ndani, na isome pamoja na omu zake: kwa mfano wati 300 kwa omu 4, wati 500 kwa omu 2. RMS isiyotaja omu ni nusu ya habari. Kuna kipimo cha Marekani kinaitwa CEA-2006, siku hizi CTA-2006, ambacho kinalazimisha nguvu ipimwe kwa volti 14.4, omu 4, na sauti isiharibike zaidi ya asilimia 1. Ukiona nembo yake, hizo namba unaweza kuzilinganisha bila wasiwasi. Mzigo mwingi unaopita mikononi mwetu hauna nembo hiyo, na haina maana wote ni mbovu. Hapo ndo fyuzi inakusaidia.

Geuza amplifaya, angalia pale nyaya za umeme zinapoingia. Utaona fyuzi moja, mbili au tatu za plastiki zenye namba. Zijumlishe. Tuseme ni mbili za 25, jumla ampea 50. Zidisha kwa 14.4, ambayo ni kama volti za gari likiwa linaunguruma. Unapata wati 720. Huo ni umeme unaoingia, bado hujatoa unaopotea kama joto. Amplifaya ya klasi AB inatoa kama nusu au zaidi kidogo ya ulioingia, tuseme 400 hivi. Klasi D inabana matumizi, inaweza kufika asilimia 80, hapo uko kwenye 570. Sasa rudi kwenye boksi linalosema 3000. Ili itoe 3000 mfululizo, hata kama haipotezi chochote, ingehitaji ampea zaidi ya 200. Na wewe umeshika fyuzi za 50. Hesabu imeisha.

Fyuzi nayo ni dari tu, siyo ahadi. Mtu anaweza kuweka fyuzi kubwa kwenye mashine ndogo. Na baadhi ya amplifaya kubwa hazina fyuzi mwilini kabisa, kijitabu kinakwambia uweke ya ukubwa gani kwenye waya. Ila kwa mzigo wa kawaida, hii hesabu ya sekunde 30 imeniepusha na mengi nikiwa nimesimama kwa muuzaji wa jumla.

Halafu kuna omu, na hapa ndo amplifaya nyingi zinafia. Sabufa nyingi zina koili mbili, zimeandikwa 4+4. Fundi akiziunga sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, zinakuwa omu 2. Akiziunga mfululizo zinakuwa omu 8. Akichukua sabufa mbili za aina hiyo akaunga koili zote nne sambamba, ni omu 1. Omu zikishuka, amplifaya inasukuma umeme mwingi zaidi, na kama imetengenezwa kuishia omu 2, ukiipa 1 inachemka, inajizima, siku moja haiwaki tena. Chunga pia ile ya chaneli nne inayounganishwa chaneli mbili ziwe moja ili kupiga sabufa, mafundi wanaita kubriji. Nyingi zinazovumilia omu 2 kwa chaneli moja, zikibrijiwa mwisho wake ni omu 4. Kwa hiyo mteja akisema "nina sabufa tayari", mwombe picha ya nyuma ya sumaku. Usikubali jibu la "ni kubwa tu, inchi 12". Inchi hazikwambii omu.

Swali la gari lenyewe watu wengi wanaliruka. Vitz, IST, Noah, hizo ni volti 12, hakuna shida. Lakini dereva wa Coaster au Rosa anayetaka mziki wa abiria, au mwenye lori, gari lake linaweza kuwa la volti 24. Amplifaya hizi za kawaida ni za 12. Ukiipeleka moja kwa moja kwenye 24, ukiwa na bahati inajikinga na kugoma, ukikosa bahati inatoa moshi siku hiyohiyo. Anahitaji konvata ya kushusha 24 iwe 12, na konvata yenyewe iweze ampea ambazo amplifaya inakula, siyo ile ndogo ya kuchajia simu. Mwenye bajaji naye mwambie ukweli: chaji yake ni ndogo, mpe amplifaya ndogo na spika zenye sauti kali, asihangaike na sabufa ya kutikisa vioo.

Redio je? Magari mengi yanayotoka Japani yanakuja na redio ya kiwandani isiyo na matundu ya RCA nyuma. Mteja huyo atafutiwe amplifaya inayopokea nyaya za spika moja kwa moja, au adapta ya kubadilisha. Usipouliza, fundi atafungua dashibodi, atakuta hakuna pa kuchomeka, na mteja atasema umemuuzia kitu kibovu.

Nyaya nazo ni pesa, kwako na kwake. Seti nyingi za bei rahisi ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ndani ukiwa mweupe, ni alumini. Inapitisha umeme pungufu ya shaba halisi, kwa hiyo lazima iwe nene zaidi kwa kazi ileile. Mimi nauza zote mbili ila naandika wazi ipi ni ipi. Kwa amplifaya ya ampea 50 inayokaa kwenye buti, natoa geji 4 ya shaba. Geji 8 ni nyembamba kuliko 4, usichanganye, namba ikipanda waya unapungua. Na ile fyuzi ya kwenye waya mkubwa ikae karibu na betri, isizidi kama sentimita 45. Haikai hapo kwa ajili ya amplifaya. Ikitokea waya umechubuka ukagusa bodi ya gari, hiyo ndo inakata umeme kabla moto haujashika. Kuna mafundi wanairuka ili kuwahi kumaliza, kwa hiyo mimi huwa namwandikia mteja amkumbushe fundi wake.

Meseji yangu ya kwanza kwa mteja nimeihifadhi kwenye simu, naibandika tu: "Karibu sana boss. Ili nikupe inayokufaa naomba: gari gani, redio ni ya kiwandani au umebadilisha, na unataka kupiga sabufa au spika za milangoni? Kama sabufa unayo, nitumie picha ya nyuma." Wengine hawajibu, wanapotea. Waache. Anayejibu karibu kila mara ananunua, na mara nyingi anaongeza na nyaya.

Kwenye kapsheni andika RMS, omu za mwisho, jumla ya fyuzi na volti. Ile ya boksi usiifiche, mteja ataiona, iandike lakini iseme ni MAX. Akibisha kwamba jirani anauza "wati 3000" kwa bei hiyohiyo ya 400 yako, mwambie apige picha fyuzi za huyo jirani akutumie. Pigeni hesabu pamoja pale pale kwenye chati. Ongea naye kwa heshima na usimseme vibaya muuzaji mwenzio, namba zitasema.

Kabla mzigo haujapanda basi kwenda Mbeya au Mwanza, iwashe kwenye betri, ipigie spika, rekodi video inayoonyesha taa, sauti na namba ya siri iliyobandikwa chini. Mtumie mteja, ajibu "nimeona" ndipo ufunge boksi. Masharti ya kurudisha mwandikie hapohapo: ni siku ngapi, na kwamba iliyoungwa chini ya omu zilizoandikwa au kuwekwa kwenye volti 24 hairudi. Yasubiri akubali, halafu ndo umpe namba ya kulipia.